Mama Hataki Sauti

Mwene-Ditu, Kasai

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umerudi kutoka shambani. Maana tangu mvua zianze, kila nikipiga simu naambiwa uko shambani. Asubuhi shambani, mchana shambani, Jumapili saa ya ibada shambani. Kwa jinsi unavyolima bila kupumzika, muhogo wako mwaka huu utakuwa mnono kuliko wa Makobola yote.

Nakutania, Mama, lakini sicheki. Magoti yamepoa? Kikohozi cha baridi ya ziwani kimekuachia? Yule mbuzi mwenye pembe moja bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafanya kazi. Kinachoniuma hakina dawa katika maduka ya hapa, na ndicho kilichonifanya nikae chini niandike kwa mkono, kitu ambacho sijakifanya tangu shule. Ukiona herufi zinapanda mlima na kushuka usinicheke. Wewe ndiye uliyenifundisha kuziandika, basi lawama tugawane.

Bado tuko kando ya barabara kubwa, tunalaza waya wa intaneti chini ya ardhi kuelekea Kananga. Vijana wanachimba mfereji kwa majembe, tunalaza mabomba ya rangi ya chungwa, kisha ndani ya mabomba tunapitisha waya. Ndani ya waya mna nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele wako mmoja. Mimi siku hizi sichimbi tena. Nimefundishwa kuunganisha. Nakaa ndani ya hema dogo vumbi lisiingie, nasafisha uzi, naukata, nauweka kwenye mashine unaunganishwa na mwenzake. Ukipiga chafya umeharibu. Siku moja nilipiga chafya kwelikweli, na shefu, msimamizi wetu, akaniangalia kama nimevunja sahani za arusi.

Udongo wa huku ni mwekundu, na mvua inaukata vipande. Unaamka asubuhi unakuta mfereji wa jana umeingia bondeni pamoja na mabomba yake, mnaanza upya. Na watu wanatuuliza maji yatatoka lini kwenye bomba. Tunawaambia si maji. Juzi mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga mbele ya nyumba yake aliuliza kama huo waya utasimama kijijini kwao. Nikamwambia hapana, unapita tu, unakwenda mjini, huenda kwao wataletewa antena baadaye. Akasema, "Kwa hiyo sisi tutakuwa tunalala juu yake tu." Kisha akatupatia maji ya kunywa. Nilikunywa kwa aibu, Mama. Nilikumbuka nyumbani.

Na kukumbuka nyumbani huku hakuhitaji sababu. Sokoni wanauza ndagala wakavu kutoka ziwa letu, wamepitia Kalemie, wamebebwa na treni. Harufu yake ilinisimamisha katikati ya watu. Nilinunua, nikarudi nao kambini, nikawapika na majani ya sombe, wenzangu wakasema nimetia chumvi nyingi. Haikuwa chumvi. Nilikuwa nakula huku machozi yananidondoka kwenye sahani, mtu mzima na ndevu zangu. Nina hamu ya maji yale, nina hamu ya kelele za wavuvi wakivuta nyavu asubuhi, nina hamu yako wewe kuliko vyote. Huu ni mwaka wa tatu sijasikia sauti yako.

Unakumbuka ilivyokuwa nilipoondoka. Rezo ya simu ilikuwa ya kuombaomba. Dada Neema alikuwa anashuka ziwani na laini ya Burundi, anapanda juu ya lile jiwe, anageuza uso ng'ambo kama anayesali, ndipo tunasikilizana. Wewe hukuweza kushuka kwa sababu ya magoti. Nilikuwa nakutumia salamu, nawe unanitumia zako, na Neema alikuwa anazifupisha zote mbili kwa sababu kuna wengine wanangoja jiwe. Nilijipa moyo. Nikasema, acha antena ifike Makobola, nitazungumza na mama yangu mpaka sikio liwake moto.

Basi antena ikafika. Neema alinipigia akipiga vigelegele, akaniambia iko juu ya kilima nyuma ya mashamba, ina vioo vya jua, na kwamba sasa hata picha zinaonekana. Niliiacha kazi nikatoka hemani, nikasimama juani. Kwenye simu nikaona uani kwetu. Nikaona ziwa nyuma ya migomba, nikapiga kelele kama mtoto. Nikaona nguo zako kwenye kamba. Nikaona kigoda chako, na karai la muhogo. Wewe hukuwapo.

"Dada, Mama iko wapi?"

"Ameenda ku shamba."

"Na hii mvua?"

"Eeh, weye si unamujua!" Akacheka sana, akageuza simu kunionyesha kuku.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu. Nikapiga alfajiri, nikaambiwa umeshatoka. Nikapiga jua likiwa linazama, nikaambiwa bado hujarudi. Nikamwomba Neema akungoje nyumbani na simu, akasema betri inakufa. Moyo wangu ukaanza kuwa mzito. Unajua kwa nini, Mama, na ndiyo maana nina ugomvi na wewe. Mume wa shangazi alipofariki kule Lemera, si wewe uliyetuweka wote chini ukatuagiza tumwambie mwanawe aliye Lubumbashi kwamba baba yake amelala? Si wewe uliyesema aliye mbali haambiwi kifo kwenye simu, atakuja kuanguka njiani? Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyeshika simu nikamwambia amelala.

Katika timu yetu kuna mzee mmoja Mluba, Papa Kalonji, anayeendesha jenereta. Alifanya kazi Lubumbashi zamani, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili. Aliona siku hizo sili vizuri, akaja akakaa karibu yangu.

"Mwana, sauti ya mama yako umeisikia?"

"Hapana, Papa."

"Nani anakujibu?"

"Dada yangu."

"Anacheka sana?"

"Anacheka sana."

Papa Kalonji akavua kofia. Akasema polepole, "Kwetu pia ni vile vile. Banasema ameenda ku shamba, banasema amelala. Banaogopa utaanguka mu njia."

Mama, sitaki kukuficha. Jioni ile wenzangu walizima muziki. Walitandika turubai wakakaa nami chini, wakaomba, wakaimba kwa Kiluba nyimbo nisizozijua maneno yake. Mpishi alipika maharagwe kwa wote bila kuulizwa. Papa Kalonji akaleta maji na wembe, akaninyoa kichwa chote, mpaka kikang'aa. Nililia. Nililia kwa sababu nilikuwa naunganisha nyuzi za watu wengine wakati wewe unakata roho, ndivyo nilivyoamini. Nilikuona ukiniita na mimi niko ndani ya hema nazuia chafya.

Asubuhi nikampigia Neema. Sikumsalimu. Nikamwambia, "Dada, usinifiche tena. Nimejua. Nimeshanyoa kichwa."

Neema akapiga yowe. Na nyuma ya yowe lake, Mama, nikasikia sauti kali ambayo hata nikiwa kaburini nitaijua:

"Amenyoa kichwa juu ya nani? Minye niko hai! Huyu mutoto iko na akili?"

Kisha sauti ile ile, sasa ya kunong'ona, lakini wewe hujawahi kujua kunong'ona: "Umuambie niko ku shamba!"

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka, na nilipoacha kucheka nilikuwa nalia tena, lakini machozi mengine. Wenzangu walikuja mbio wakidhani nimepagawa. Nilipowaeleza, vijana wakataka maharagwe yao yarudishwe. Papa Kalonji peke yake hakucheka. Alinivika kofia yake, akasema nisiivue mpaka nywele ziote, maana kumnyolea mama aliye hai si jambo la kutembea nalo wazi. Ninaandika nikiwa nimeivaa. Inanipwaya.

Nikakumbuka lile karai. Muhogo ulikuwa umemenywa nusu, na kisu kiko juu yake. Ina maana ulikuwa umekaa hapo hapo, ukaona simu inakuja, ukakimbia. Na magoti yako hayo hayo.

Kesho yake Neema aliondoka nyumbani akaenda mbali usimsikie, akaniambia ukweli. Usimgombeze; nilimbana. Alisema siku antena ilipowashwa alikuletea simu kabla hajanipigia, nawe ukaificha mikono ndani ya kitenge. Ukamwambia hivi, na ameyasema kwa mdomo wako, nayaandika kama alivyoyasema:

"Sauti minye nilishaletewaka. Baba yenu alianzaka hivi hivi. Sauti ikakuya, ikakuya, muntu hakukuyaka. Umuambie asinitumie sauti. Akuye yeye."

Nije mwenyewe, nisitume sauti. Nikakata simu.

Nilikuwa mdogo, Mama, lakini zile kaseti nazikumbuka. Baba akiwa Likasi, anajirekodi, anazituma na watu wa boti kutoka Kalemie. Mlikuwa mnaazima redio ya jirani, betri mnazianika juu ya bati zipate nguvu, watu wanajaa uani. Alikuwa anatusalimia mmoja mmoja, na kila akitaja jina anaacha nafasi ya mtu kujibu. "Neema, hujambo?" Kimya kidogo. Neema anajibu. "Wilondja, unasoma?" Kimya kidogo, nami naitikia kwa nguvu, nasoma, Baba! Sisi watoto tuliamini anatusikia. Halafu inafika zamu yako. "Mama Neema, habari za nyumbani?" Nawe ulikuwa na habari kweli. Unaanza kumweleza paa linavuja, mtoto ana homa, mjomba amekuja juu ya lile shamba, na kaseti haikungoji. Uko katikati ya neno, yeye ameshapita kwa jirani, anacheka. Watu uani wanacheka naye. Wewe unanyamaza, unachukua kisu chako.

Nilidhani unaikasirikia redio. Kumbe ulikuwa unaumia mbele yetu wote na hakuna aliyekuona. Zile kaseti zikawa fupi, zikawa za nyimbo tupu na salamu moja mwishoni, zikakoma. Tukaja kusikia kwa mtu mwingine kwamba amezikwa huko huko.

Nilianza kukuandikia kwamba simu si kaseti. Kwamba simu inasikia pande zote mbili, waya wetu unapeleka na unarudisha. Nilijaza ukurasa mzima wa maneno ya fundi, nikauchana. Nilijiuliza nafanyaje nikipiga. Nauliza hujambo, nasikia habari mbili, nasema haya, haya, shefu ananiita, nakata. Na nikishakata najiona kama niliyefika nyumbani. Ile hamu ya kuja inatulia wiki nzima. Nikijisikia tena mpweke napiga tena, inatulia tena. Ningeweza kuishi hivyo mpaka meno yanitoke. Wewe uliliona hilo kabla yangu, ukakataa kunishibisha, nami nakushukuru, ijapokuwa ulinikondesha.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Shefu aliniita juzi. Akaniambia, "Wilondja, njo weye utaongoza wale wa kuunganisha mpaka Kananga, na mbele ya Kananga." Huko mbele ni mbali, Mama. Zamani ningekubali kabla hajafunga mdomo. Nikamwomba kwanza konje, likizo ya kuja kukuona. Akasema konje haiko sasa, nikitoka nafasi anapewa mwingine, na hawezi kuniahidi kunirudisha.

"Mama yako hana simu?" akaniuliza.

"Simu iko. Yeye njo hataki."

"Umupigie ingine saa. Atazoea."

Si mtu mbaya. Watoto wake anawaona kila jioni kwenye kioo cha simu, wanamwonyesha meno yanayong'oka, anawaonyesha trekta. Aliniangalia akingoja niseme asante. Nikamwambia nafasi ampe mwingine.

Najua utafurahi, na najua Neema hatafurahi, na ana haki, kwa sababu ada ya watoto wake inatoka kwenye mkono huu unaoandika. Mwambie siji kukaa juu ya mkeka. Watu wanasema waya utaletwa kando ya ziwa siku moja, toka Uvira kwenda Baraka. Ikiwa ni kweli, watahitaji mtu anayejua kuzuia chafya. Ikiwa si kweli, shemeji amekuwa akitaka kunifundisha kuvua tangu nikiwa kijana. Ninaogopa, Mama. Usidhani nimefanya hivi kwa ujasiri. Ila nikijiuliza kipi ninaogopa zaidi, nagusa kichwa changu chini ya kofia ya watu, napata jibu.

Siwezi kuondoka leo. Kuna nyuzi nilizozifungua mimi, na nikiziacha wazi mvua itaziingia na kazi ya wenzangu itapotea. Nazifunga kwanza. Barua hii anatangulia nayo dereva wetu anayekwenda Kalemie, atamkabidhi mtu wa boti. Mimi nitafuata kwa treni mpaka Kamina, mpaka Kabalo, mpaka Kalemie, siku ambayo treni yenyewe itapenda. Kisha boti mpaka Kalundu, kisha pikipiki.

Nisalimie dada Neema, umwambie nimemsamehe kicheko chake. Nisalimie shemeji, mwambie nyavu asiziuze. Nisalimie shangazi wa Lemera akishuka kukuona, na mwanawe wa Lubumbashi akija mwambie nina msamaha wa kumwomba. Nisalimie mchungaji, na akina mama wa kwaya. Watoto wa kaka yako wasalimie kwa majina yao. Mbuzi pia.

Sitapiga simu kukuambia nimefika Kamina, wala kukuambia nimeshuka Kalundu. Utasikia hodi. Uitikie, Mama, na ukianza kunieleza habari za nyumbani, anzia paa linalovuja, anzia ile homa ya zamani, anzia popote unapotaka. Nitasimama mlangoni na mzigo wangu mpaka umalize.

Mwanao,
Wilondja